Kijana anaupiga mwingi kila wiki kikosi cha akiba, Alhamisi jina lake halimo. Mpaka lini?

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi jioni. Majina 23 yametoka, nimeyasoma mara tatu, kijana wetu hamo. Wamo walewale watatu ambao tangu msimu uanze wanatembea uwanjani kana kwamba wamekuja kupunga upepo. Yeye kaandikwa chini kabisa, kwenye orodha ya watu wa dharura.

Timu siitaji na mchezaji simtaji. Anayefuatilia AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia, hapa Melbourne atanielewa, na asiyefuatilia aelewe kwamba ugonjwa huu hauko klabu moja tu.

Kwa ndugu ambao mpira wa Australia hamuujui: ni ule wa umbo la yai, watu 18 kila upande, uwanja nao wa umbo la yai, mkubwa kuliko wa soka, nguzo nne kila mwisho wa uwanja. Ukipitisha mpira kati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6, ukienda pembeni yake pointi 1. Klabu inakuwa na wachezaji arobaini na ushee, 23 wanapangwa AFL, na wazima waliobaki wanashuka kucheza ligi ya chini. Kwa klabu za huku kwetu ligi hiyo ni VFL. Anayeshushwa anaambiwa maneno yaleyale miaka nenda miaka rudi: kacheze vizuri huko, mlango uko wazi.

Mlango hauko wazi. Hilo ndilo linaloniuma. Kama ninyi wa klabu mngesema tangu Machi kwamba nafasi za kiungo zina wenyewe, kijana angejua, na sisi tungejua.

VFL mimi naenda kuiangalia kwa macho yangu. Nasimama kwenye uzio, baridi ya Julai, upepo wa ghuba ya Port Phillip unapiga masikio, na uko karibu hata unasikia wachezaji wanavyoitana. Huyu kijana ni kiungo wa kati. Mwamuzi akiurusha mpira juu, mrukaji akiugusa kidogo tu, yeye ameshafika pale utakapoangukia. Anauokota katikati ya watu watano, anapigwa bega, anasimama, anautoa kwa ngumi kwa mwenzake aliye huru. Na kuna kitu ambacho kwenye takwimu hakionekani: timu ikipoteza mpira, yeye ndiye wa kwanza kugeuka kurudi nyuma. Hatazami mwamuzi, hatupi mikono. Anakimbia mita themanini kumfukuza mtu ambaye si wake. Kisha nikiangalia kikosi cha kwanza usiku wa Ijumaa, namwona mkubwa fulani amesimama kashika kiuno, mtu wake anampita kwenda kufunga.

Sababu tunazopewa hazina mwisho. Aprili tuliambiwa akaongeze kukaba. Akaongeza, wiki baada ya wiki anawaangusha watu. Mei ikawa hoja ni kasi. Juni wakasema kikosi cha kwanza kina viungo wa kutosha, kwa hiyo ajifunze kucheza mbele pembeni. Wakamwondoa pale katikati anapojulia, wakampeleka pembeni anakopata mpira kwa bahati, halafu wakatuambia fomu yake imeshuka! Mnamwondoa samaki majini halafu mnamlaumu haogelei?

Pale uzioni nasimama na mzee mmoja wa Bukavu, mtu wa heshima zake, mchezo huu ameujua kabla yangu. Yeye yuko upande wa kocha. Aliniambia, "Mdogo wangu, usidanganyike na VFL. Huku mtu anapata mpira, anainua kichwa, anachagua. Kule juu ukiushika tu umeshalaliwa." Na akanikumbusha kwamba nusu ya anaopambana nao kijana ni watu wenye kazi zao za mchana, walimu na mafundi umeme, wanaofanya mazoezi jioni.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyowajibu wote mnaosema kama yeye. Shikamoo mzee, hilo ni kweli. Anayekusanya mipira kwa kuzubaa nje ya msongamano akisubiri kupasiwa, huyo VFL inamdanganya, na akipandishwa anapotea. Wa namna hiyo tumewaona. Lakini ndiyo maana nasema muangalie mpira anaupataje. Huyu wetu anaupata chini ya miguu ya watu, na kupambana chini ya miguu ya watu hakubadiliki sana ukipanda ligi. Mzee alinyamaza, akasema tutaona. Tutaona lini, kama hapangwi?

Na msiniambie fomu ya akiba haihamishiki. Sam Mitchell mwaka 2002 alichukua Liston, tuzo ya mchezaji bora wa VFL, akiwa Box Hill, timu ya VFL iliyoshirikiana na klabu yake ya Hawthorn. Na yeye alisemwa mzito, hana mbio. Mwaka uliofuata akawa chipukizi bora wa AFL nzima, na 2008 akanyanyua kombe akiwa nahodha wa Hawthorn. Western Bulldogs wa 2016, waliovunja ukame wa ubingwa wa tangu 1954: wiki moja kabla ya fainali yao ya AFL, kikosi chao cha akiba cha Footscray nacho kilikuwa kimebeba ubingwa wa VFL. Sioni kama ni bahati. Klabu ile watu wa chini na wa juu walikuwa wanacheza mpira wa aina moja, mtu akiitwa anajua pa kusimama.

Na Marlion Pickett. Hili natamani kila kocha alibandike ukutani. Richmond walimchukua katikati ya msimu wa 2019, ana miaka 27. Hakucheza AFL hata dakika moja. Akawa anacheza VFL, wakafika fainali, akawa mchezaji bora wa fainali hiyo na ubingwa wakauchukua. Kikosi cha kwanza nacho kina fainali yake Jumamosi inayofuata, Jack Graham ameumia bega. Kocha Damien Hardwick alikuwa na majina makubwa ya kuchagua. Akamchagua Pickett. Mechi ya kwanza ya maisha yake AFL ikawa fainali, uwanja wa MCG, ule mkubwa wa hapa Melbourne, mbele ya watu laki moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1952. Akacheza kama mtu aliyekuwepo miaka kumi. Alipofunga goli, wenzake walimkimbilia kutoka kila kona ya uwanja. Richmond 114, wapinzani wao GWS wa Sydney 25.

Nililia siku ile, na Richmond si timu yangu. Nililia kwa sababu mtu aliahidiwa kitu na ahadi ikatimizwa.

Sasa linganisheni na kwetu. Mkubwa anatoka majeruhi wiki sita, hajagusa mpira wa mechi, anarudi moja kwa moja kikosi cha kwanza. Hata nusu mechi ya VFL hapewi. Robo ya tatu pumzi imekata, tunafungwa magoli manne mfululizo kupitia upande wake. Jumatatu kocha anasema anahitaji muda. Muda huo kwa nini asiupatie kule chini, ambako kijana anaambiwa ndiko mahali pa kujijenga?

Halafu hii biashara ya dharura. Wengi hamjui inavyomla mchezaji. Ukiandikwa dharura unasafiri na timu, unapasha misuli, na dakika za mwisho unaambiwa hakuna aliyeumia, kaa. Kama kikosi cha akiba kinacheza siku hiyohiyo, umekikosa, au wanakutoa mapumziko ili ubaki mzima. Kijana mara mbili mwezi huu hajamaliza mechi kwa sababu hiyo. Huku hachezi na kule hachezi, na kesho watasema hana mwendelezo.

Wapo wanaosema avumilie, na wananitajia Aliir Aliir. Mimi Aliir namheshimu mno. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wengine humu mnaijua Kakuma kwa miguu yenu, akachukuliwa na klabu ya Sydney kwenye drafti ya 2013, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, akasubiri mpaka 2016 ndipo acheze mechi ya kwanza. Mwaka 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha mwaka cha AFL nzima. Ndiyo, alivumilia. Lakini tazameni vizuri: nafasi aliipata, na alipohitaji kwenda kwingine alikwenda. Subira ya mtu mwenye ahadi ni kitu kimoja. Kumweka mtu kabatini mpaka mkataba uishe, hiyo si subira, na mkataba wa huyu wetu unaisha mwisho wa msimu.

Mwanangu wa miaka kumi na moja anacheza timu ya watoto mtaani kwetu, magharibi ya mji. Anavaa namba ya huyu kijana mgongoni. Alhamisi aliniuliza, "Baba, amepangwa?" Nikamwambia hapana. Akauliza alikosea nini. Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Tumeshapoteza mechi tano kati ya sita za mwisho. Nafasi ya kucheza fainali haipo tena, kila mtu anajua. Sidai kocha afukuzwe. Nadai mechi nne mfululizo, katikati ya uwanja anakojulia, asitolewe akikosea mara moja. Akishindwa, nitarudi hapa kusema nilikosea kumtetea.

Jumamosi mchana VFL wanacheza nyumbani, na nasikia kapangwa kwenye kikosi cha akiba. Nitakuwa pale uzioni na mzee wangu wa Bukavu. Mliomwona msimu huu kwa macho yenu, si kwenye simu, semeni hapa mmeona nini, hata kama mnanipinga.