TV inaandika No Signal kwenye HDMI: waya mpya, AV, konveta au fundi, ipi inalipa?

chaz_moro
Wakuu habari zenu. Nina TV flati inchi 32 ya zamani kidogo, sio smati. Nimebadilisha king'amuzi nikachukua kipya cha HD, nikichomeka HDMI inaandika No Signal, hakuna picha hakuna sauti, ila menyu ya TV yenyewe inaonekana safi na taa ya king'amuzi inawaka. Mtaani nimepewa ushauri wa kila aina, wengine wanasema ninunue waya mwingine, wengine waya wa rangi tatu (AV), kuna wa konveta ya HDMI kwenda AV na kuna anayesema nipeleke kwa fundi abadilishe poti. Kwa anayejua, ipi nianze nayo kabla sijatoa hela?

fundi_saketi
Mkuu usinunue kitu kwanza. Kama maandishi ya No Signal unayasoma maana yake kioo kizima na taa za nyuma nzima, TV inasubiri tu kitu kiingie. Ingekuwa sauti inatoka alafu kioo cheusi ningekwambia zima taa za chumbani umulike tochi karibu na kioo, ukiona picha kwa mbali ujue taa za nyuma zimekufa, na hapo hakuna waya wala konveta itakayokusaidia.

Sasa fanya hivi. Hakikisha kwa kitufe cha Source kwamba umechagua HDMI ile ile uliyochomeka, maana TV ina HDMI 1 na HDMI 2 na watu wengi wanaishia hapo hapo. Chomoa TV na king'amuzi kwenye umeme kabisa, sio kwa rimoti, subiri dakika kadhaa, chomeka waya wa HDMI kwanza ndo uwashe. Ikigoma peleka king'amuzi na waya huo huo kwa jirani, na TV yako ijaribu kwa laptop. Ukimaliza utajua mgonjwa ni nani.

kaka_juma_tz
Mi ningeanza na waya, ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Ila usidanganywe na bei kubwa, kwa mita moja na nusu waya wa kawaida unatosha kabisa kwa king'amuzi, picha ya HDMI ni ya dijitali, ikifika imefika, waya wa bei mbaya hauongezi uzuri wowote. Waya ukiwa mbovu utaona vidoti vyeupe vinametameta au picha inakatika inarudi. Shida kubwa ni kwa wale wanaopitisha mita 15 au 20 ukutani kwenda chumba kingine, huko waya mwembamba hautoboi.

chaz_moro
Nimerudi wakuu. Laptop na waya ule ule, picha imetoka kwenye TV yangu mara moja. King'amuzi kwa jirani na waya ule ule, picha imetoka pia. Kurudisha king'amuzi kwangu, No Signal. Sasa nashindwa kuelewa.

mzee_wa_dishi
Kijana wangu, hiyo ni habari njema, hakuna kilichoharibika. Waya mzima, poti nzima, king'amuzi kizima, ila TV na king'amuzi havikubaliani rezolusheni, yaani ukubwa wa picha inayotumwa. TV nyingi za inchi 32 za miaka ile zilizoandikwa HD Ready kioo chake ni 1366 kwa 768, zinapokea 720p na 1080i, lakini zipo zinazokataa 1080p. Laptop inauliza TV uwezo wake kisha inatuma kinachofaa. King'amuzi kikishawekwa 1080p kwenye setingi kinaweza kung'ang'ania hapo, TV inaona kitu isichokielewa inaandika No Signal.

Utabadilishaje setingi na wewe huoni menyu? Hapo ndo waya wa rangi tatu unapookoa. Chomeka AV na HDMI kwa pamoja, ving'amuzi vingi vinatoa vyote viwili kwa wakati mmoja. Weka TV kwenye AV, ingia setingi za picha za king'amuzi, shusha iwe 720p au 1080i, hifadhi, rudi HDMI.

chaz_moro
Shikamoo mzee. Imekubali, nimeweka 1080i na picha ni nzuri sana, asante mno. Maana yake hapo mtu angenipeleka kwa fundi nikafunguliwa TV nzima bure.

dada_neema
Na mimi niulize hapa hapa. Kwani si ungebaki tu na rangi tatu maisha yote? Kwangu natumia hivyo na naona sawa.

kaka_juma_tz
Dada inategemea ukubwa wa TV. AV kwa mfumo wetu wa PAL ni mistari 576 basi, hata king'amuzi kiwe HD. Kwenye TV ya chogo au inchi 24 macho hayasumbuki. Kwenye inchi 43 ukiangalia mpira, namba za wachezaji na matokeo ya juu pembeni yanakuwa kama yamepakwa ukungu, halafu king'amuzi usipokiweka 16:9 watu wote wanakuwa wanene. Binafsi nikiwa na HDMI nzima siwezi kurudi AV, ila kama HDMI imekufa AV ndo njia ya bure maana waya mara nyingi unakuja kwenye boksi.

Angalizo, TV za sasa nyingi hazina tundu la njano, njano inaingia kwenye la kijani. Na ving'amuzi vyenye kile kitundu kidogo kama cha hedifoni, mpangilio wa nyaya unatofautiana, usipoona picha jaribu kuhamisha njano kwenye nyekundu kabla hujasema kibovu.

bin_kisauni
Hapa Mombasa naona watu wanakimbilia konveta hata pasipo haja. Konveta ni ya kifaa chenye HDMI pekee, kama vile boksi la Android au laptop, na TV yenye AV pekee. Kama decoder yako ina AV yake yenyewe, konveta ni hela ya bure kwa sababu picha inayotoka ni ile ile ya AV.

Ukiamua kununua soma juu yake. Zipo zilizoandikwa HDMI2AV na zipo AV2HDMI, zinafanana rangi na umbo na haziendi njia mbili, ukikosea hakuna picha milele. Uipe umeme wa USB wa volti 5, bila hivyo nyingi hazifanyi kazi, na kile kiswichi cha PAL na NTSC kiweke PAL. Kwa watu wa simu, konveta ya Type-C kwenda HDMI isikuchanganye, simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwenye Type-C hata kidogo, tafuta kwanza kama simu yako inatoa.

dada_neema
Asanteni. Yangu ilipigwa na radi masika, HDMI zote mbili hazisomi kitu chochote, nimejaribu vifaa tofauti. Fundi mmoja anataka kuniwekea bodi ya universal, ile inayofungwa kwenye TV za aina yoyote. Nikubali?

fundi_saketi
Dada pole. Ingekuwa HDMI moja tu imekufa ningekwambia ni tundu lenyewe, lina pini 19 nyembamba, zinapinda au risasi ya kulehemu inaachia, kulibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Zote mbili baada ya radi, mara nyingi ni chip ya bodi kuu. Agiza kwanza bodi yenyewe ya TV yako kwa namba iliyoandikwa juu ya bodi, hata ya mtumba, ndo inakurudishia kila kitu.

Ya universal inafanya kazi lakini kama TV yako ni smati utapoteza mambo ya smati, na kabla hajawasha muulize ameweka volti ngapi ya paneli, yaani kioo. Zile bodi zina sehemu ya kuchagua volti 3.3, 5 au 12, paneli ya volti 5 ikipewa 12 imekwenda, na paneli ndo TV yenyewe kwa bei. Akikujibu kwa kusoma namba ya nyuma ya paneli mwache afanye. Akikwambia tutajaribu, chukua TV yako uendelee na AV. Na mvua zikianza chomoa umeme na fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, radi inapita huko inaingia HDMI mpaka kwenye TV hata kama swichi ya ukutani umezima.