Watu wa Nakuru, ni nini ilikufanya uanze kutenganisha taka kwa nyumba?

Mlanga_Langa: Wadau habari zenu. Nakaa kwa ploti hapa Langa Langa, keateka alituwekea mapipa mawili, moja ya maganda na mabaki ya chakula, ingine ya plastiki na makaratasi. Mwanzo watu wakajaribu jaribu hivi, sahii ukifungua yote mawili ni pampasi, sukuma na chupa, zote humo. Kuna wenye wanasema ni uvivu, wengine ati watu walipwe. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema taka itenganishwe kutoka kwa nyumba lakini tuseme tu ukweli, nani huosha paketi ya maziwa kwa kuogopa sheria? Nyinyi mnaofanya, mlianzaje na mbona hamkuacha?

fundi_wa_london (ya Nakuru, si ya Mfalme 😂): Pesa bana. Angalia chupa za soda za kioo, umewahi kuona imetupwa kwa mtaro? Ukienda dukani bila chupa unaacha pesa ya chupa, kwa hivyo hata mtoto anairudisha mbio. Za plastiki hazina hiyo kitu ndio zimejaa kila mtaro, mvua ikinyesha zinashuka mpaka ziwani kwa flamingo.

Nyar_Kondele: @fundi_wa_london hapo kwa soda uko sawa lakini kwa nyumba hiyo hesabu haiingii. Chupa ya maji ya nusu lita ni nyepesi sana, unahitaji kama 60 ama zaidi ndio ufikishe kilo moja, na kilo ni shilingi kidogo tu. Mimi niko bedsita Kisumu, hizo chupa 60 nitaziweka wapi, kwa kitanda? Niliacha kutenganisha siku nilisimama kwa veranda nikaona jamaa wa kampuni tunayolipa kila mwezi anabeba mifuko yetu yote, yenye tumechambua na yenye hatujachambua, anarusha kwa lori moja. Kwani tulikuwa tunachezea nani? Hapo ndio mtu hufa moyo, na usiniambie ni uvivu.

MamaNguruwe_Njoro: Eh watoto wangu mnasumbuka na plastiki na zaidi ya nusu ya taka ya nyumba zetu ni chakula. Anzeni na hiyo. Mimi nafuga nguruwe, kuna flati mbili huko mjini nachukua maganda na makombo, naacha ndoo yenye kifuniko jioni nachukua iliyojaa. Mwanzo walikuwa wananiwekea hadi nyembe humo ndani, nikawaambia wazi nguruwe akikufa nitawaletea maiti hapo getini 😅. Sahii hata mgeni akikuja anaambiwa na watoto, hiyo ni ya nguruwe usitupe karatasi. Hakuna mtu nalipa, ila Krismasi huwa nawakatia nyama kidogo. Pia pipa halinuki tena na inzi wamepungua, hiyo pekee wanawake wa hapo walishukuru.

mzoaji254: Mimi ni wa mkokoteni, nazoa taka na kuuza skrap. Mama amesema ukweli. Katoni ikishalowa supu hakuna mtu atanunua, inaenda tu Gioto, ile dampo ya Nakuru, na hizo zingine. Kitu yenye huwa sielewi ni mbona mnaweka mapipa kabla ya kuongea na sisi. Mtu wa chupa akijulikana anapita Jumamosi asubuhi, watu wanamwekea. Asipokuja mara mbili mfululizo basi imeisha, kumrudisha mtu kwa hiyo mpango ni ngumu kuliko kumwanzisha.

fundi_wa_london: Sawa lakini bado kuna wale hawatajali hata nguruwe wakikuja na suti. Hao wapigwe faini.

Nyar_Kondele: Faini utampiga nani na pipa ni ya watu wote? Utachunguza pampasi ujue ni ya mtoto wa nani?

Mlanga_Langa: 😂😂 Ati DNA. Asanteni. Kumbe hapa kwetu hakuna mtu amewahi kuuliza hayo mapipa mawili yanaenda wapi, nimeuliza keateka akaniambia hata yeye hajui, lori ni moja. @MamaNguruwe_Njoro Langa Langa unafika ama ni mbali? Tuko na maganda ya viazi si mchezo, kuna mama wa chipo hapo chini.

MamaNguruwe_Njoro: Nafika mwanangu. Nitumie inboksi, na huyo wa chipo asiniwekee mafuta.