Mrejesho: kupima watoto wa chekechea wanavyokimbia na kurusha

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza nipimeje ubora wa mijongeo ya watoto wangu, maana saa ya sekunde hainiambii mtoto anakwama wapi. Mlinielekeza kwenye kipimo cha TGMD (Test of Gross Motor Development, yaani kipimo cha mijongeo mikubwa ya mwili kama kukimbia na kurusha) cha mtafiti Dale Ulrich, cha watoto wa miaka 3 hadi 10. Unamwonyesha kitendo, anajaribu mara 1, kisha anafanya mara 2 za kuhesabiwa: kila kigezo cha kitendo hicho kikitimia anapata alama 1, kisipotimia 0.

Binti mmoja wa miaka 5 nilidhani hana nguvu. Kumbe anarusha kwa mkono wa kulia huku akitanguliza mguu wa kulia badala ya wa kushoto! Nikamchorea unyayo wa kushoto kwa chaki, akaukanyaga, mpira ukavuka uzio. Nilifurahi mno. Bado sijawapima kudundisha mpira.