Naomba ushauri: asilimia 30 ya makundi maalum
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kikundi chetu cha wanawake hapa Mafinga kinashona sare na mashuka. Tumesajiliwa halmashauri, tumo kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kama kundi maalum, na mkopo wa cherehani bado tunaurejesha.

Sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Taasisi moja kubwa ya huku tumeiandikia barua kuuliza imetoa kiasi gani, kimya. Mashuka yake tunaona yanashushwa kutoka Dar. Inaniuma, maana kazi yetu ni nzuri kweli.

Je, mwananchi anaweza kupata kutoka PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, taarifa ya fedha ambazo taasisi imelipa makundi haya? Na kampuni binafsi za mbao na chai za huku zinabanwa na lolote?