Wenye BPD (borderline personality disorder, tatizo la haiba linaloyumbisha hisia na mahusiano) na wanaouguza: kwa nini tunasusa matibabu katikati? Tupeane uzoefu

Chozi_la_Samaki: Wakuu, habari za humu. Wenzangu ambao hisia zinapanda na kushuka ghafla na hofu ya kuachwa haiishi, nani aliacha kliniki katikati? Nianze mimi. Mnasihi aliniaga anakwenda likizo. Likizo tu! Mimi nikasikia "nimekuchoka". Aliporudi hakunikuta. Bora niache kabla sijaachwa.

Mzushi_Mstaafu: Umenigusa mkuu. Wangu mwanzoni nilimwona malaika. Siku alipotupia jicho saa wakati naongea, akageuka adui. Nikamtukana, nikamblock. Hasira iliisha usiku uleule. Kilichonizuia kurudi ni aibu. Unarudi na uso gani?

Dada_Mkubwa: Mdogo wangu akipata mpenzi mpya tu, kapona, kliniki basi. Wakiachana tunarudi mwisho wa foleni.

Upande_wa_Pili: Mimi ni mnasihi. Msijibebeshe lawama zote. Wapo wenzetu wakiona faili limeandikwa BPD wanakunja uso: "msumbufu huyu". Mtu aliyezoea kusoma nyuso za watu analiona hilo kabla hajaketi. Wengine hupewa vidonge wakaamini ndiyo tiba yenyewe, wakati hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa BPD. Dawa hutuliza baadhi ya dalili, kazi kubwa iko kwenye mazungumzo. Vidonge visipoleta mabadiliko, anaona kadanganywa, anaondoka.

Marsha Linehan, mwanzilishi wa DBT, tiba ya mazungumzo inayofundisha kumudu hisia kali (mwaka 2011 alieleza hadharani kuwa naye alilazwa akiwa binti wa miaka 17), aliweka kanuni: ukikosa vikao wiki 4 mfululizo, umetoka kwenye programu. Kali, ndiyo, ila mpaka unajulikana. Ukikosa kimoja hufukuzwi. Unaulizwa nini kilikuzuia, na hamu yenyewe ya kukimbia inajadiliwa.

Chozi_la_Samaki: Kumbe kutaka kuondoka nako kunazungumzwa kikaoni? Wangu sikumgusia hata siku moja.

Upande_wa_Pili: Kunazungumzwa, tena mapema. Kinachotangulia ni hatari ya kujiua au kujidhuru tu.

Mzushi_Mstaafu: Na aliyeondoka kwa matusi je? Naulizia rafiki 😂

Upande_wa_Pili: Mwambie huyo rafiki atume ujumbe mfupi aombe nafasi. Asijieleze kurasa tatu. Matusi mtayaongelea mkishakaa.

Mzushi_Mstaafu: Ngoja nimu-unblock kwanza.