Naomba ushauri: nyumba inauzwa, nianzie wapi kuiandaa?

Habari zenu ndugu. Tunauza nyumba ya marehemu mama. Wateja wanakuja, wanaisifia, kisha kimya. Nadhani sebule ndiyo inayowakimbiza: makochi makubwa yamebana njia, picha za familia zimejaa ukutani, na kwenye kona ya dari kuna doa la maji, rangi ya chai. Paa lilishazibwa, ila kila mteja macho yake yanaishia pale. Najua rangi ya maji pekee hailizuii doa hilo, litajitokeza tena, hivyo nitatanguliza praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Na mnunuzi nitamweleza ukweli kwamba paa liliwahi kuvuja, hilo sifichi.

Kinachonishinda ni vitu vya mama. Niondoe vyote, au vyumba vitupu vitaonekana vidogo? Bajeti inatosha kazi moja kubwa tu. Mliowahi kuuza, mngeanza na rangi au jiko?