Mjadala: Gon afungiwe kwenye ligi za mabanda ya gemu Dodoma?

Mdau wa Majengo:
Mbukwenyi wakuu. Kila banda likiandaa ligi ya Tekken 3, gemu ya kupigana ya PlayStation ya kwanza, ugomvi ni uleule: yule dainosa mdogo, Gon, ruksa au marufuku? Napendekeza kanuni moja kwa mabanda yote, kuanzia huku Majengo hadi Nkuhungu: mhusika yeyote aliyealikwa kutoka nje ya gemu asichaguliwe. Gon si mtoto wa Tekken. Ni dainosa wa katuni za Masashi Tanaka, za Kijapani, ambazo hazina mazungumzo hata mstari mmoja. Kwenye mashine za arkedi, zile za kuchomeka sarafu, za 1997 hakuwepo. Aliingizwa katika toleo la PlayStation la 1998, na baada ya hapo hajarudi kwenye Tekken yoyote. Waliomleta wameachana naye, sisi tunamng'ang'ania wa nini?

Mdau wa Chang'ombe:
Mkuu, kutorudi kwake si hoja. Gon ni mali ya mchoraji wake, si ya Namco waliotengeneza Tekken, na mali ya mtu haikai kwako milele. Tuache uraia, tuangalie mwili wake, maana tatizo liko hapo.

Tekken ina mapigo ya ngazi tatu. La juu linampita aliyechuchumaa. La kati linampata aliyechuchumaa. La chini linampata anayejikinga kwa kusimama. Gon hata akisimama wima ni mfupi mno, kwa hiyo mapigo ya juu yanapita kichwani pake bila yeye kubonyeza chochote. Hapo ngumi ya kushoto, ile ya juu ya kitufe cha mraba, imekufa. Na hiyo ngumi ndiyo breki ya kila mchezaji: ni ya haraka, haina hatari kubwa, inamzuia mtu asikusogelee hovyo. Aliyezoea mraba, mraba, pembetatu atapiga upepo, na mkono kabla haujarudi Gon yuko tumboni kwake. Kombo za hewani, yale mapigo ya mfululizo mpinzani akiwa juu, nazo zinakatika katikati, kwa sababu zimepimwa kwa mwili wa mtu mzima.

Ila analipa gharama. Mikono na miguu yake ni mifupi, lazima aje karibu sana ndipo akufikie. Basi kaa mbali, mwache aje, mpige kati au chini. Mhusika Paul ana chini, chini-mbele, mbele na pembetatu: ngumi nzito ya kati, inamtoa Gon nusu ya ukumbi. Eddy ana mateke ya chini tele. Anayeumia kweli ni anayemchezesha Hwoarang, mateke yake mengi mazuri ni ya juu. Kwa hiyo Gon si mhusika asiyepigika. Ni mhusika anayemwadhibu mtu mwenye zoea moja.

Mdau wa Nkuhungu:
Naongeza historia, kwa sababu neno "mgeni" linatupotosha. Mhusika maarufu kuliko wote kwa kufungiwa hakuwa mgeni: ni Akuma wa Super Street Fighter II Turbo, gemu nyingine ya kupigana, ya 1994. Ni wa nyumbani kabisa, aliwekwa kama bosi wa siri. Kumpata unasimamisha kishale kwa Ryu, kisha T. Hawk, Guile, Cammy, unarudi kwa Ryu, halafu unabonyeza Start pamoja na ngumi zote tatu. Anarusha moto kutoka hewani kwa mshazari, na hapati kizunguzungu hata umpige vipi. Mashindano yanamkataa kwa hayo.

Sasa geuza upande wa pili. Soulcalibur II, gemu ya kupigana kwa silaha, mwaka 2003 ilikuwa na wageni watatu: Link kwenye GameCube, Spawn kwenye Xbox, Heihachi kwenye PlayStation 2. Huyo Heihachi alitoka Tekken, akaingia kwenye ukumbi wa mapanga na mikuki akitegemea mikono yake. Kanuni ya mdau wa Majengo ingemfungia, kwa kosa gani?

Anayefanana na Gon ni Yoda, yule mfupi wa filamu za Star Wars, kwenye Soulcalibur IV ya 2008. Hashikiki kwa mitupo, na mapigo ya juu yanampita. Tukitaka kufungia, tuandike sababu hiyo hasa: mwili unaofuta sehemu ya silaha za mpinzani.

Mdau wa Kikuyu:
Mnaongelea PlayStation ya kwanza tu, na mabanda yenye Tekken 7 je? Kule wageni si kitu kimoja. Akuma yumo ndani ya gemu yenyewe tangu ilipotoka kwa mashine za nyumbani Juni 2017, tena hadithi inamhusu: Kazumi, mke wa Heihachi, alimwomba amuue Heihachi na mwanao Kazuya. Geese Howard, Noctis na Negan walikuja baadaye, na wananunuliwa. Banda moja linao, la jirani halina. Anayefanyia mazoezi kwa jirani atakutana na Negan kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Huo kwangu ndio uonevu mkubwa kuliko ufupi wa Gon. Mhusika aruhusiwe iwapo tu yuko wazi kwenye mashine zote za ligi, na orodha ibandikwe mlangoni wiki mbili kabla.

Mdau wa Majengo:
Hoja ya Yoda nimeikubali, naondoa neno "mgeni". Lakini ya mashine zote inairudia Tekken 3 vilevile. Gon anafunguliwa kwa kumshinda kwenye Tekken Ball, ule mchezo wa mpira ndani ya gemu, au kwa kuandika jina GON ukiongoza rekodi. Banda lisilo na memori kadi ya kuhifadhia, umeme ukikatika anapotea, na kazi inaanza upya. Mashine zenyewe nyingine lenzi zimechoka kwa vumbi la kiangazi, zinasoma zikilazwa kifudifudi. Nani atafungua Gon kwenye mashine tano asubuhi ya ligi?

Mdau wa Chang'ombe:
Mmoja afungue, ahifadhi, kisha kadi hiyohiyo izungushwe: chomeka, pakia, chomoa, nenda mashine ya pili. Dakika chache tu. Cha msingi ni kanuni ya kuchagua. Raundi ya kwanza kila mmoja amnong'oneze mwamuzi mhusika wake. Baada ya hapo mshindi haruhusiwi kubadili, aliyeshindwa anaruhusiwa. Ukipigwa na Gon ukiwa na Hwoarang, unahamia Paul, na mpinzani amekwama na Gon wake.

Mdau wa Majengo:
Hiyo inamsaidia mwenye wahusika wawili. Vijana wengi wanaojiandikisha wanamjua mmoja tu, na mechi zetu ni za ushindi wa mbili kati ya tatu. Akipoteza ya kwanza, hana pa kuhamia. Tufanye tatu kati ya tano nitaridhia Gon acheze. Zikibaki mbili kati ya tatu, bado nasema afungiwe.